Shajara ya mradi: kutafuta riwaya ya kutubishanisha

Klabu yetu ya vitabu ina watu tisa na hukutana Jumapili ya pili ya kila mwezi. Mwaka mzima uliopita tulisoma riwaya nzuri tupu, na karibu kila mara mazungumzo yalikufa kabla kiti hakijapata joto. Nimejitwika kazi ya kutafuta namna ya kuchagua riwaya itakayotuweka mezani saa nzima, tena tukiizungumzia riwaya yenyewe, si mambo ya pembeni. Naandika kila hatua inapokwisha ili mwenye klabu kama yetu achukue kinachomfaa na ayaache makosa yetu hapahapa. Fedha haimo katika hesabu zangu kwa kuwa nakala tunaazimana. Ninachohesabu ni wiki, saa za kusoma, na watu.

14 Januari 2024. Kujua tulipo

Kabla ya kubadilisha chochote nilitaka kipimo cha kuanzia. Niliwasha saa ya simu, nikaifunika kwa daftari, sikumwambia mtu. Riwaya ya mwezi huu iliwagusa wote, na hivi ndivyo ilivyokuwa:

"Mimi pale mwisho nimelia."

"Hata mimi."

"Jamani, huyu mtu anajua kuandika."

"Anajua kweli."

Kimya. Mmoja akafunua ukurasa wa mwisho kana kwamba kuna kitu amekisahau humo, akaufunga. Mwingine akauliza kama kuna mtu amemwona mwenzetu ambaye hakuja. Dakika 17, basi. Kuanzia hapo ni habari za kazi na watoto mpaka tulipoagana.

Jina la kitabu siliandiki, maana hakina kosa. Kosa ni kwamba kila aliyesema alikuwa amesema kwa niaba ya wote. Tulikuwa tunachagua vitabu vya kupendwa, na kitu kinachopendwa na watu tisa kwa sababu ileile hakimwachii wa pili neno la kuongeza.

28 Januari. Kura

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi: tulikuwa tukichagua wawili watatu tu, sasa wachague wote. Nikaweka riwaya nne kwenye kundi letu la simu, kila mtu kura moja. Matokeo: 3, 2, 2, 2. Nikatangaza mshindi kwa furaha.

Hesabu hiyo nilipaswa kuisoma kinyumenyume. Mshindi wa kura 3 kati ya 9 ni kitabu ambacho watu 6 walitaka kingine.

11 Februari. Gharama ya kura

Wanne kati ya tisa walifika na kitabu kilichomalizika. Wawili walikuwa hawajafika hata nusu na walisema waziwazi kwamba wao hawakukichagua. Dakika 24, na nyingi zilikuwa za kukwepa kumharibia mwisho yule ambaye hajamaliza: "Nitasema, lakini ziba masikio."

Usiku ule nilichukua kalamu nikapiga hesabu ambayo mtu mwenye akili zake angeipiga kabla. Kitabu kilikuwa na kurasa 430. Kutoka siku ya kura hadi siku ya kikao ni siku 14. Maana yake kurasa 31 kila siku, kwa watu wenye kazi. Niliwauliza mmoja mmoja wanaweza kurasa ngapi kwa siku bila kuona adha. Jibu la katikati lilikuwa 10 hadi 12. Wiki nne kwa kurasa 11 ni 308.

Marekebisho mawili, yote bado tunayo hadi leo. Kwanza, kitabu hutangazwa wiki nne kabla au zaidi, na kikipita kurasa 300 kinapewa miezi miwili. Pili, kura ya chaguo moja imezikwa. Sasa kila mtu anatia alama kwa kila kitabu ambacho yuko tayari kukisoma, hata vikiwa vyote vinne. Kinachoshinda ni kile ambacho wengi wangekubali kukaa nacho, na si kipenzi cha watatu. Tulirudia ile kura ya Januari kwa mtindo huu, kwa kutaka kujua tu: kilichoshinda kwa kura 3 kilishuka nafasi ya tatu.

Hii ilitatua suala la kumaliza kitabu. Suala la kuzungumza lilibaki palepale.

10 Machi. Mada moto

Hapa ndipo nilipodhani nimepata dawa, na ndipo nilipoharibu zaidi.

Nilijiambia: kama makubaliano ndiyo yanayoua mazungumzo, tafuta kitabu chenye mada inayogombanisha watu. Nikapata riwaya ya sasa hivi kuhusu ndoa, mali na ukoo. Wote walimaliza. Tulikaa dakika 95. Sauti zilipanda, watu walikatizana, mmoja alisimama. Niliandika kwenye daftari: "Hatimaye!"

Bahati nzuri safari hii nilikuwa na karatasi ya alama. Kila mtu anapofungua kitabu na kusoma sentensi, napiga mstari. Kila mtu anapoanza na "kuna jirani yangu mmoja" au "mimi ningekuwa yeye", nachora duara. Nilipoitazama nyumbani ilikuwa na maduara 30 na ushei, na mstari mmoja. Ule mmoja wenyewe ulikuwa wa mtu aliyefungua kitabu kutoa karatasi aliyoihifadhi ndani. Nakala nyingine zilikaa mezani zimefungwa muda wote, moja ikiwa chini ya kikombe.

Tulikuwa tumegombania ndoa zetu, riwaya ikiwa kisingizio. Na yale maneno hayakubaki ndani ya kitabu: wiki iliyofuata dada mmoja aliniandikia kwamba anapumzika kidogo. Hajarudi. Alikuwa msomaji makini kuliko sisi wote, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika shajara hii. Nilimpigia kuomba radhi, tukaongea vizuri, lakini kitabu hatukukitaja.

Rekebisho: kanuni ya maneno mawili, "Ukurasa gani?" Mtu yeyote anaweza kumuuliza yeyote, wakati wowote, bila kununiwa. Ukisema mhusika ni mbinafsi, nionyeshe alipofanya ubinafsi. Mwanzoni watu waliiona kama kero ya darasani. Sasa wanaulizana wenyewe, wengine kwa utani.

14 Aprili. Fumbo

Nikakimbilia upande wa pili. Kama mada zinatupeleka nje ya kitabu, basi tuchukue kitabu kisicho na pa kutokea. Tukasoma *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990. Ni nyembamba, na kwa kurasa ilikuwa mzigo mwepesi kuliko vyote vya mwaka huu. Kwa uzito, mzee, ni kisa kingine. Haina kisa kinachokwenda mbele hatua kwa hatua kama tulivyozoea. Inakupitisha kwenye ndoto, falsafa na maswali yasiyokungoja uyajibu.

Kosa lilikuwa langu. Katika kundi letu kuna mwalimu mstaafu wa fasihi, na kitabu kilipokuwa kigumu, macho yote yakamgeukia.

"Mwalimu, hii inamaanisha nini?"

Mwalimu akaeleza. Anaeleza vizuri, kwa kweli. Sisi tukaandika. Karatasi yangu ilionyesha mistari mingi ya kufungua vitabu, lakini karibu yote ilikuwa ya mtu mmoja. Dakika 60 kamili, na kati ya hizo Mwalimu alizungumza kama 45. Kilikuwa kipindi kizuri cha darasa.

Nilichokiona hapo ndicho kilichogeuza mradi. Fumbo humtafuta mjuzi, na likishafumbuliwa watu hushukuru. Tulichohitaji ni mtanziko: mahali ambapo mhusika anafanya jambo, kila msomaji amelielewa vizuri, na bado hawakubaliani kama alifanya sawa. Hapo Mwalimu hana cheo. Msomaji wa mwaka wa kwanza na yeye wanakaa benchi moja.

*Nagona* sijaitupa, nimeiweka pembeni.

27 Aprili. Kipimo cha waonjaji

Mtanziko utaujuaje kabla watu wanane hawajatumia mwezi mzima? Maneno ya jalada la nyuma hayasaidii, huko kila kitabu kinasisimua. Nilijaribu kusoma kurasa kumi za mwanzo na kumi za katikati. Hilo linatosha kupima lugha, kwamba inasomeka ama inachosha, lakini halipimi mtanziko, kwa sababu uzito wa uamuzi wa mhusika unajulikana baadaye.

Hatimaye tumekubaliana hivi. Watu wawili wanasoma kitabu chote kabla ya wengine. Tunawaita waonjaji. Hawaruhusiwi kuongea juu yake. Kila mmoja anaandika sentensi moja kujibu swali: *Kosa kubwa zaidi ni la nani, na ni tukio gani linalokuonyesha?* Kisha natazama karatasi zote mbili. Wakitaja mtu mmoja na tukio moja, kitabu kinarudi rafuni hata kikiwa kitamu namna gani. Wakitofautiana, na kila mmoja ana tukio la kuegemea, kinaingia kwenye kura.

Gharama yake: saa sita hadi nane za kila mwonjaji kwa kila kitabu, na kila kitabu kinachokataliwa saa hizo zimekwenda. Hadi leo tumekataa vitatu. Kazi ya uonjaji ni ya zamu. Tuliwahi kuwaachia walewale wawili kwa vitabu viwili mfululizo, wakaanza kukisia mwenzake ataandika nini.

Wachague watu wasiofanana. Jozi yetu ya kwanza ilikuwa mimi na rafiki yangu wa miaka mingi, tukaandika karibu sentensi ileile kwa kila kitabu. Hapo hatukuwa tumepima riwaya, tulipima urafiki.

12 Mei. *Rosa Mistika*

Kezilahabi tena, lakini riwaya yake ya 1971, ile iliyopigwa marufuku mashuleni ilipotoka. Waonjaji walikuwa Mwalimu na kijana mdogo kuliko wote kundini. Karatasi ya Mwalimu: "Kosa ni la Zakaria, kwa kipigo kile cha mwanzoni alichompa binti yake kwa sababu ya barua." Karatasi ya kijana: "Rosa mwenyewe, kwa sababu huko chuoni hakuna aliyemshika mkono, alikuwa anachagua."

Nilizisoma zote mbili kwa sauti mwanzoni mwa kikao bila kutaja waandishi. Sikuhitaji kufanya kitu kingine. Mama mmoja ambaye kwa kawaida husema "nakubaliana na wenzangu" alifungua kitabu kwenye kile kipigo, akasoma kwa utaratibu, kisha akauliza: "Mtoto aliyefundishwa kuogopa wanaume kwa fimbo, siku fimbo haipo atajuaje kuchagua?" Kijana akamjibu kwa ukurasa mwingine. Mtu wa tatu akaingia akisema wote wawili wamemsahau mchumba, anayemkataa Rosa kwa sababu ya yaliyopita, na kwamba hukumu ya huyo ndiyo iliyomfikisha alikofika. Kijana alirudi nyuma kidogo. Dakika 20 baadaye akasogea mbele tena, ila msimamo wake haukuwa ule aliokuja nao.

Dakika 74. Mistari 19, maduara 6. Wote wanane walisema.

Kosa: hatukumwonya mtu. Riwaya inaishia kwenye kujiua, na ndani kuna mimba na kutoa mimba. Mwenzetu mmoja alitoka nje katikati ya mazungumzo, na nilimfuata nimechelewa. Tangu siku hiyo karatasi ya mwonjaji ina sehemu ya pili: mambo mazito yaliyomo, yaandikwe waziwazi, yatangazwe pamoja na jina la kitabu. Wengine walihofia kwamba tutaharibu utamu. Nimewaambia utamu unaoharibika kwa onyo la mstari mmoja haukuwa mwingi.

9 Juni. Kipimo kilipokosea

*Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, 1980. Waonjaji wote wawili waliandika jina moja: Maksuudi, mzee anayemfungia binti yake Maimuna ndani kwa jina la heshima huku yeye mwenyewe mienendo yake nje ya nyumba haisemeki. Kwa kanuni yetu, kitabu kilikuwa kimekufa.

Mwonjaji mmoja akagoma. "Tumekubaliana kwa sababu swali ni bovu. Maksuudi hana mtetezi. Muulize mtu kuhusu Maimuna."

Alikuwa na haki. Riwaya yenye mhalifu aliye wazi inaweza kuwa na mtanziko mahali pengine, na swali langu lilikuwa linachungulia mlango mmoja tu. Tukaongeza la pili: *Taja uamuzi mmoja ambao ungebishana na rafiki yako kuuhusu.* Wakarudi. Mmoja akaandika kwamba kutoroka kwa Maimuna ni ushindi, jambo la kwanza katika maisha yake alilolifanya mwenyewe. Wa pili akaandika kwamba Maimuna hakutoroka. Alichukuliwa kutoka mkono mmoja wa watu wenye mipango yao akaingia mwingine.

Dakika 81. Maduara yalipanda hadi 11, kwa sababu kila mtu aliyewahi kufungiwa ndani alikuwa na la kusema, ila "Ukurasa gani?" iliturudisha kila mara. Nimeacha kuyaona maduara kama uchafu. Maduara bila mistari ndiyo yanayonitia wasiwasi.

14 Julai. Nilivyoharibu kitabu kilichofaulu

Riwaya ilipita vipimo vyote. Waonjaji walipingana vikali. Nikapata hamasa, nikaandaa maswali 12, nikayachapa, nikamgawia kila mtu.

Watu wakaanza kujibu namba moja. Kisha namba mbili. Kila mabishano yalipoanza kuchemka mtu aliangalia karatasi akasema, "Tumebakiza tisa, tuharakishe." Tulimaliza yote 12 kwa dakika 52 na hakuna hata moja tuliyoiingia. Mmoja aliniuliza kama nitasahihisha.

Sasa nakuja na swali moja tu, nalo silitoi mpaka kimya kizidi pumzi tatu nne. Kimya kifupi kina kazi yake. Mara nyingi kuna mtu anatafuta ukurasa.

Tatizo jingine dogo la siku hiyo: nakala zilikuwa za matoleo mawili, namba za kurasa hazikulingana, na "Ukurasa gani?" ikawa vurugu. Tunataja sura sasa, kisha maneno matatu ya kwanza ya aya.

11 Agosti. Tulipo

Kikao cha leo kilikuwa dakika 68, mistari 15, maduara 7. Hakuna cha kusimulia, na nimefurahi kwamba hakuna.

Kwa anayetaka kuiga, mpangilio tunaoutumia hivi sasa ni huu. Yeyote anapendekeza kitabu. Mwonjaji anasoma kurasa ishirini kwanza, na lugha ikimchosha anakiacha hapo. Kikipita, waonjaji wawili wasiofanana wanakimaliza na kujaza karatasi yenye maswali mawili na onyo. Vilivyofaulu vinapigiwa kura ya alama nyingi. Kilichoshinda kinatangazwa wiki nne kabla. Kikao kinafunguliwa kwa kusoma sentensi za waonjaji bila majina. Kutoka pendekezo hadi kikao ni kama miezi miwili, kwa hiyo lazima kuwe na vitabu viwili vitatu njiani kwa wakati mmoja. Tuliposahau hilo mwezi Juni nusura tukose cha kusoma.

Bado sijui la kufanya na vichekesho. Tumeonja viwili, waonjaji walicheka mahali palepale, vyote vikakataliwa, na kuna wawili kundini wanaonidai kicheko tangu Machi. Wana haki yao. Pengine mwezi mmoja kwa mwaka tusome cha kupendwa tu, tukae dakika zetu 17, twende zetu.

Na *Nagona* inarudi Oktoba, kwa vikao viwili. Kanuni ya ziada: Mwalimu hatasema neno kwa nusu saa ya kwanza. Nilimpigia kumwomba. Akanyamaza kwenye simu, kisha akasema atajaribu, ila nimweke karibu na dirisha.